Mpeasi wa Mama na Dumu la Asidi

Kaka yangu ana tabia moja inayonitia wazimu: akishaamua jambo, masikio yanaziba. Jumamosi ile alikuwa ameamua kuukata mpeasi wa Mama. Nilipofika nyumbani asubuhi nilimkuta fundi wa msumeno amekaa juu ya ndoo uani, anasubiri chai. Mti wenyewe ulikuwa mweupe kwa maua, kuanzia juu mpaka chini.

"Kaka, mti unaochanua hivi unakatwa kwa kosa gani?"

"Unachanua, lakini unazaa? Mara ya mwisho kula peasi hapa ni lini? Mti huu ulishakufa, basi tu haujajua."

Alisema hivyo bila kunitazama. Wifi, mke wake, alinikonyeza ninyamaze, lakini ulimi wangu hauna breki. Mti ule Mama aliupanda alipoolewa, na sisi tumekua tukigombania matunda yake. Siku hizi Mama miguu haimbebi vizuri, anashinda dirishani, na kila maua yakitoka anauliza swali lilelile: "Mwaka huu je?" Kaka akilisikia anaondoka kwenda karakanani kwake kutengeneza betri za magari, hata kama chakula kiko mezani.

"Mama amekubali?" niliuliza.

"Amesema nifanye nitakavyo."

Hapo nikapandwa na hasira. Kazi yangu ni chavua, lile vumbi la njano la maua. Mwaka mzima napima chavua za miti ya watu baki, halafu wa mama yangu ukatwe bila hata kuangaliwa! Nikachuma maua kikombe kizima, nikamwambia fundi wa msumeno asiguse kitu, kisha nikamtaka kaka anipeleke maabara ya kazini kwangu kwa gari lake. Akaanza kubisha. Sauti ya Mama ikatoka dirishani: "Mpeleke mdogo wako." Akanipeleka, midomo ameivuta.

Maabara ilikuwa tupu, inanuka spiriti. Nilisaga shingo za yale maua, njia ambayo chavua hupitia kwenda ndani, nikakamua maji yake kwenye visahani viwili. Katika cha kwanza nikatia chavua ya mti wetu wenyewe. Katika cha pili nikatia chavua ya mpeasi wa aina nyingine, tuliyokuwa nayo kwenye friji. Tukasubiri. Kaka alikaa kwenye stuli akitikisa goti mpaka nikatamani kulifunga kamba.

"Hivi unatafuta nini hasa?" aliuliza mwishowe.

"Chavua ikitua kwenye ua huota mrija mwembamba kama uzi, ukateremka mpaka kwenye yai. Ncha ya huo mrija hutengeneza oksijeni kali, jamaa ya ile dawa ya kidonda inayotoa povu. Bila ukali huo mrija hauendi. Ukizidi, mrija unaungua. Nikitia hii rangi, penye ukali patang'aa kijani."

"Kama asidi ya betri," alisema. "Ikizidi inakula kila kitu, ikikosekana gari haliwaki."

"Haya, umefaulu. Sasa nyamaza nifanye kazi."

Nikainamia hadubini. Kwenye kisahani cha kwanza mirija ilikuwa mifupi, imekwama, ncha zake giza tupu. Kwenye cha pili nilikuta nyuzi ndefu zimetapakaa, kila moja na cheche ya kijani nchani. Nilipiga kelele peke yangu, nikamvuta kaka kwa ukosi wa shati aje kuona.

"Mti wetu ni mzima! Ila maua yake yanaikataa chavua yake yenyewe. Yanaitambua, yanauzima ule ukali, na mrija unakwama. Yanataka chavua ya mti mwingine."

"Mbona zamani ulikuwa unazaa?"

Nilikuwa nimefungua mdomo nimjibu kwa ukali, nikakumbuka. Upande wa pili wa ukuta mwalimu jirani yetu alikuwa na mpeasi wake, na nyuki walikuwa wakivuka kutwa nzima. Aliukata apate pa kuegesha gari. Nilipomuuliza kaka ilikuwa lini, alifikiri kidogo, akasema ni mwaka uleule alioihamisha karakana yake kutoka uani kwetu. Msimu uliofuata hatukupata hata peasi moja.

Kaka hakuliondoa jicho kwenye hadubini. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Sumu ingeonekana humu?"

"Sumu gani?"

"Asidi. Nilipokuwa nafanyia kazi uani, dumu lilipinduka pale shinani. Ikamwagika yote. Mama akiuliza mwaka huu je, mimi nasikia ananiuliza nimeufanya nini mti wake."

Kumbe ndiyo sababu ya msumeno. Hasira yangu yote ikayeyuka.

"Kaka, maua yenye sumu yasingeipokea chavua hivi. Tazama mwenyewe."

Alitazama mpaka nikadhani amelala. Mabega yakashuka. Akajifuta macho, akailaumu spiriti, nami nikamwacha ailaumu.

Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja dirishani, akamweleza Mama yote, tangu dumu mpaka hadubini. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuona," alisema. "Nilikuona ukiliinua lile dumu huku unatetemeka. Ulipotoka nikamwagia maji pale mpaka mikono ikafa ganzi. Nikasema sitakuuliza kamwe."

"Lakini kila mwaka unauliza, Mama!"

"Nilikuwa nauombea uzae, mwanangu, ili uache kunikimbia."

Kaka akalaza kichwa kwenye kizingiti cha dirisha, akalia na kucheka kwa pamoja. Mama alimshika kisogo kama anavyoshikwa mtoto. Mimi nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba, na kweli kilikuwemo: kichupa cha ile chavua ya friji, na brashi.

Kaka alipanda mtini mwenyewe, na kitambi chake chote, wifi akimcheka kutoka chini na fundi wa msumeno akimshikia ngazi. Alipakapaka chavua ua moja baada ya jingine, polepole, ulimi nje.

"Mwaka huu je?" Mama aliuliza kutoka dirishani.

Safari hii hakuondoka. "Mwaka huu ndiyo, Mama," alijibu kutoka katikati ya matawi.