Mwanya wa Mama Mkwe

Pale studio walimwita Wembe, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali kukiri. Picha ya pasipoti iliyotikisika, bibi harusi aliyepigwa picha na shemeji asiyejua kutulia, zote zilipita kwenye tableti yake zikatoka kali, hata kope zikihesabika moja moja. Ndiyo maana baba mkwe wake alipomkabidhi simu sebuleni, jamaa wote wakiwa wamekaa, hakufikiri mara mbili.

Mzee alikuwa na picha moja tu ya marehemu mkewe akicheka. Nyingine ilikuwa ya kitambulisho, ambamo mama amekunja uso kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Mama yule na kamera walikuwa paka na panya. Ukimwelekezea tu, keshajifunika mtandio. Hii aliipiga mzee mwenyewe, akiwa ameishika simu kichwa chini miguu juu, na jambo hilo ndilo lililomvunja mama mbavu. Kicheko kikaiharibu picha. Uso ulikuwa ukungu mtupu, ila katikati ya ukungu ule ulionekana mwanya wa meno yake ya mbele, ule ambao mzee alisema ulimsahaulisha njia ya kwao.

"Macho yangu yamechoka, mwanangu," alisema. "Na simu yenyewe iko mahututi. Niisafishie kidogo, nimwone."

"Kidogo?" Wembe alicheka. "Baba, nitakuletea mama mpaka umhesabu nyusi!"

Wifi yake, dada wa mumewe, ambaye hakosi neno, akadakia: "Haya, tumesikia wote. Ukishindwa tunakurudisha kwenu."

Wakacheka, picha ikahamishiwa kwenye tableti, na wiki haikuisha simu ya mzee ikakata roho.

Studio, Wembe alitelezesha kidole kuongeza ukali. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri: ukosi wa gauni ukajitokeza, hereni ikang'aa. Uso ukagoma. Akasukuma mpaka mwisho, na mashavu ya mama mkwe yakatoka chengachenga kama mchanga. Hapo fundi mkweli huacha. Picha hainoleki kupita kile ambacho kamera ilikishika. Maneno hayo Wembe mwenyewe alikuwa akiwaambia wateja kila mara, tena kwa sauti ya kuwashushua. Lakini wateja hawakuwa ukweni kwake. Yeye alikuwa ameshajigamba mbele ya watu.

Basi akabonyeza kile kitufe cha kutengeneza nyuso. Kitufe hicho hakinoi kitu, kinabuni. Uso ukatokea safi, macho maangavu, ngozi laini, tabasamu la kupendeza. Wembe akashusha pumzi. Programu ikamuuliza: ahifadhi nakala mpya, au abadilishe ile ya zamani? Tableti ya studio ilikuwa imejaa siku zote, na kidole chake kilishazoea. Akabadilisha. Kisha akafuta takataka zote za tableti, kama alivyofanya kila siku kabla ya kwenda kula.

Fremu ilipofunuliwa sebuleni, wifi alipiga vigelegele. "Lo! Wembe wewe, mikono yako ibarikiwe!"

Mzee aliichukua picha akaenda nayo dirishani, akaisogeza mpaka karibu na pua. Alikaa nayo sana. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya mdomo wa mkewe, polepole, kama anayefuta uchafu kwenye kioo. Akafuta tena.

Hapo ndipo Wembe alipoona. Meno yalikuwa yamejipanga, meupe, yameshikana kama ya tangazo la dawa ya mswaki. Mwanya haukuwepo. Aliuona uso wote uliobaki kuwa wa mwanamke asiyemjua.

"Nzuri," mzee alisema. "Tundikeni hapo, wageni waione. Sasa mwanangu, nirudishie na ile yangu."

"Ipi, baba?"

"Ile ya ukungu. Ile alikuwa ananicheka mimi."

Wembe alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kusema ataitafuta, angeweza kusingizia tableti. Ulimi ukakataa. "Haipo, baba. Niliifuta. Nisamehe."

Wifi akafungua kinywa. Mzee akainua mkono, na kinywa kikafungwa.

"Basi," alisema. "Picha ni nzuri sana."

Tangu siku hiyo kila mgeni aliyeingia alipelekwa ukutani. "Mkwe wangu huyu ndiye aliyeitengeneza," mzee alisema. "Mikono ya dhahabu." Hakuwa na kejeli, na hilo ndilo lililomuumiza Wembe. Heri angemgombeza. Alipeleka tableti kwa mafundi, wakamwambia kilichofutwa kimekwenda. Pale studio walipomwita Wembe, aliitika akiangalia chini, na siku moja akawaomba wamwite jina lake.

Asubuhi moja alimpelekea mzee chai. Alimkuta amekaa chini ya picha, uso umekunjuka, na akafurahi kumwona hivyo.

"Usiku nimemwota mama yako," mzee alisema. "Tangu afariki sijawahi. Alikuja karibu kabisa, anacheka."

"Alisemaje, baba?"

Mzee alipokea kikombe, akakishika kwa mikono miwili bila kunywa.

"Sikumsikiliza, mwanangu. Nilikuwa namwangalia mdomo." Akainua macho ukutani. "Alikuwa na meno haya."