Feni Iliyokufa Kimya

Fundi alipobisha hodi kwa dada yake asubuhi ile, hakukaribishwa kama ilivyo ada. Dada alifungua mlango, akampa kisogo, akarudi jikoni. Jana tu alimpokea kwa mikono miwili. Leo hata salamu ilitoka kwa shida.

"Thermostati ya friji uliyobadilisha jana haikusaidia kitu," alisema. "Maziwa yamechacha, nyama imeyeyuka yote. Haya, kazi kwako."

Fundi aliona haya. Alikuwa na miaka thelathini na mbili ya kupekua matumbo ya mafriji, na sifa yake kubwa ilikuwa sikio. Wenzake wakikimbilia mita ya kupimia umeme, yeye huweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho, kisha akakuambia kinachoumwa. Wateja walimwita Daktari, na jina lilimkaa vizuri.

Lakini tangu mwaka jana sikio lenyewe lilikuwa linamtoroka. Nyumbani alimlaumu mkewe kuwa ananong'ona, redio nayo akaisingizia ubovu. Mbele za watu alijizoeza kutikisa kichwa na kusema, "Ndiyo, ndiyo, mambo ya kawaida hayo," jibu linalofaa karibu kila mahali. Hakumwambia mtu. Fundi wa kusikiliza akikiri kwamba hasikii, nani atampa kazi? Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua, ila methali huwa tunazikumbuka zinapomhusu jirani.

Aliivuta friji kutoka ukutani. Ubavu wake ulikuwa unachoma. Kompresa ilinguruma, hiyo aliihisi kwa kiganja. Jana alihisi mtetemo huohuo kupitia bisibisi, akatangaza kuwa feni ya kuipooza kompresa nayo inazunguka. Leo alipiga magoti, akaweka mkono kwenye matundu ya kifuniko cha nyuma, chini kabisa. Hakukuwa na upepo hata wa kuzima kibiriti.

Alichomoa waya wa umeme, akafungua skrubu nne, akaondoa kifuniko. Ile feni ndogo ilikuwa imesimama tuli, vumbi limeilalia. Aliisukuma kwa kidole, ikagoma. Mita, ambayo siku zote aliidharau, ilimaliza ubishi: waya wa mota umeungua ndani. Feni ile haikufa usiku wa jana. Ilikuwa maiti tangu siku nyingi, naye jana alipiga magoti palepale akaiita nzima.

Alijiinua, akamgeukia dada. "Feni imekufa zamani. Nilikosea."

"Si nilikuambia jana? Nilisema mwezi uliopita ilikwaruza wiki nzima, halafu ikanyamaza. Ukajibu ndiyo, ndiyo."

"Uliniambia saa ngapi?"

"Ulipokuwa umeingiza kichwa humo nyuma. Mimi nilikuwa hapahapa nilipo."

Angeweza kudanganya, maana uongo wake ulikuwa tayari mdomoni kama kawaida. Lakini alikuwa amechoka, na aliyesimama mbele yake si mteja. Hakuwa na ndugu mwingine duniani.

"Sikusikia, dada. Mwaka wa pili huu sisikii vizuri. Mtu akiwa nyuma yangu sipati hata neno moja."

Alingoja achekwe, kwa sababu wawili hawa walikua wakitaniana hata kwa kasoro za mwili. Dada hakucheka. Aliketi kwenye kigoda taratibu, mkono mdomoni.

"Kumbe hata lile lingine hukulisikia," alisema.

"Lipi?"

Dada alianza kulia. Fundi alijua kwa kuona mabega.

"Usiku kucha nimekusema moyoni, mdogo wangu. Nikasema, huyu ndiye niliyembeba mgongoni mama alipotutoka, nikamlisha, nikamsomesha. Leo namwambia jambo kama lile, ananijibu mambo ya kawaida hayo, kisha ananiomba tochi."

Fundi aliiweka mita chini. "Niambie tena," alisema.

"Wiki nzima nilitafuta moyo wa kulisema mara moja tu. Nilisubiri uingize kichwa huko nyuma makusudi, ili nisiuone uso wako. Sasa unataka niseme tena?"

"Nisamehe, dada. Sema."

Fundi alivuta ndoo ya unga, akaifunika, akaikalia mbele yake, magoti kwa magoti, akatega sikio la kulia ambalo lilikuwa na nafuu kidogo. Dada alimshika kidevu, akamgeuza mpaka wakatazamana.

"Nitazame mdomo," alisema, na akasema polepole, neno baada ya neno, kama alivyomfundisha kuhesabu zamani. "Ni saratani. Imeshaingia kwenye ini. Hospitali wamesema hakuna cha kupasua. Huenda nisiumalize mwaka."

Fundi alisikia kila neno. Alitaka kumtuliza, maana kati yao yeye ndiye mzima, lakini alishindwa. Alimlalia dada mapajani, akalia kwa kwikwi, na mgonjwa ndiye akawa wa kumbembeleza.