Mama wa Mbaluka

Mbaluka alikuwa mwanamume mwenye mama wawili. Wa kwanza alikuwa amelala Mwala, chini ya saruji ambayo Mbaluka mwenyewe aliikoroga. Wa pili alikuwa msichana aliyemaliza kidato cha nne na kupata alama za kumpeleka chuo kikuu, na waliishi pamoja katika ekstenshoni ya vyumba viwili nyuma ya nyumba ya watu, Buruburu.

Wakamba hawafanyi mzaha na majina. Msichana akipewa jina la mamake baba, basi huyo ni mama, na baba atamwita hivyo mbele ya watu bila haya. Kathini alipozaliwa, Mbaluka alimpakata akamwita mwaitu, yaani mama yangu, na tangu siku ile hakuwahi kumtaja kwa jina. Hakuwahi kumchapa pia, maana ni nani humchapa mamake? Akitaka kumkanya alianza kwa kuomba radhi. Majirani wa kutoka magharibi walicheka mpaka wakachoka, halafu wakazoea. Kathini naye alijiona malkia. Ni raha kuwa mama wa mtu mwenye ndevu ukiwa na miaka saba. Hakuna aliyemweleza kwamba mama naye ana kazi zake, na kwamba hapewi likizo.

Kavinya, mamake wa kumzaa, alifariki Kathini akiwa kidato cha pili. Basi likizo za shule zikawa za kupika na kufua, na shule ilipoisha kabisa kazi hiyo ikawa ya kila siku. Mbaluka alikuwa dereva wa ofisi moja ya serikali. Alirudi jioni, akavua viatu mlangoni, akapewa chai, akamsimulia mwaitu vituko vya mkubwa wake mpaka chakula kikaiva. Alikuwa mtu mwema. Nalisema mapema, kwa sababu wema wake ndio uliomponza msichana huyu.

Kathini alitaka kusomea misitu, Eldoret. Babu zake upande wa mama walikuwa wachongaji, watu waliomaliza mipingo ya nchi nzima wakitengeneza twiga wa kuuzia watalii, na yeye akasema lazima mtu mmoja wa ukoo arudi kupanda. Alilisema kwa kicheko, lakini alilimaanisha. Mwezi wa Februari walikwenda saiba, duka la intaneti la Dirie, kijana anayewajazia watu fomu za mtandaoni, wakajaza chaguo la kwanza: misitu. Kathini hakuwa ametimiza miaka kumi na minane, hakuwa na kitambulisho wala laini ya simu kwa jina lake, kwa hiyo Dirie aliandika namba ya Mbaluka. Kitu chochote kikibadilishwa, nambari ya siri ingetumwa kwenye simu ya mzee.

Kuanzia hapo msichana aliishi kwa maandalizi. Alipiga picha za pasipoti. Alimsumbua daktari wa zahanati mpaka akamjazia fomu ya afya. Kila aliyefika pale nyumbani aliulizwa kama aliwahi kufika Eldoret, na kila aliyewahi alimwambia habari ya baridi. Mwezi wa Mei Mbaluka alimpeleka sokoni Gikomba kuchagua blanketi. Alizishika moja moja, akazifinya kwa vidole, akazirudisha, akamwambia muuzaji atoe nzito zaidi kwa sababu mwaitu anakwenda mahali pa umande. Wakapitia Kariokor akamchagulia mkoba wa ngozi wa kubebea vitabu porini. Kathini alirudi nyumbani amebeba blanketi kichwani, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa. Wakati huo jambo lilikuwa limekwisha kufanyika, na mtu aliyelifanya alikuwa anatembea kando yake amebeba mkoba.

Orodha ilipotoka mwezi wa Juni, Kathini alikimbia kwa Dirie kabla hata ya kuosha vyombo. Dirie akafungua ukurasa, naye akasoma jina lake, namba yake ya mtihani, na chini yake: Usimamizi wa Ofisi, katika chuo kimoja cha mjini, mwendo wa nusu saa kutoka kwao Buruburu. Alidhani ni ukurasa wa mtu mwingine. Akamwomba Dirie aufunge aufungue tena.

Dirie alimtazama kwa mshangao. "Si wewe ulichange?" alisema. "Mzee wako alikam hapa Aprili, ile time ya kurevaisi machaguo. Alikuwa na makaratasi zako zote. Akasema umemtuma, ile kodi ya siri ikaingia kwa simu yake, akanisomea. Mi nilijua mmeongea."

Kathini alimlipa akatoka. Alirudi nyumbani akaketi kitandani, na hasira ikampanda taratibu. Kosa si la Dirie. Kosa si la mtandao. Mtu aliyemwita mama yangu alikuwa ameshika simu kwenye kaunta ya Dirie, akasoma tarakimu moja moja kwa sauti.

Mbaluka alipofika na kukuta hakuna chai, alijua. Hakukana. Aliketi na viatu vyake miguuni, akaeleza akitazama sakafu. Mamake alimfia yeye akiwa safarini Garissa na gari la ofisi, akafika wakati wa kuzika. Kavinya alimfia vilevile, yeye akiwa Lodwar. Mwaka huu alipofikiria jioni, nyumba imefungwa, hakuna mtu ndani, alishindwa. Chuo cha mjini ni chuo pia, alisema. Mwaitu angetoka asubuhi akarudi jioni.

"Nimezika mwaitu mara moja," alisema. "Nilisema wewe hutanitoka."

"Mimi sikukuzaa, baba," Kathini alimjibu. "Wewe ndiye ulinizaa mimi. Na ulininunulia blanketi ukijua."

Mbaluka aliinama akavua viatu. Angeweza kusema kwamba alitamani kumwona akifurahi hata kwa siku chache, na nadhani hiyo ndiyo kweli yenyewe, lakini kuna kweli ambazo ukizisema unazidisha kosa.

Usidhani namwonea Mbaluka. Siku ya pili aliomba ruhusa kazini, wakafuatana kwenda kwa Dirie kuomba uhamisho. Alisimama nyuma ya kiti, akasoma nambari ya siri kila ilipotakiwa, akauliza mara tatu kama wamejaza sawasawa. Wakangoja mwezi mzima. Katika mwezi huo chakula kilipikwa na nguo zilifuliwa, lakini hakikusimuliwa kituko hata kimoja cha mkubwa wa ofisi. Jibu likaja kwenye simu ya Mbaluka: nafasi za kozi ya misitu zimejaa. Alimpa Kathini simu asome mwenyewe, akatoka nje akasimama karibu na tangi la maji. Kathini alimwona dirishani akifuta macho kwa mkono wa shati, na hakumhurumia. Alijaribu, huruma ikakataa kuja.

Siku ya kuripoti chuoni Mbaluka alivaa suti. Alibeba faili yenye vyeti vyote, amevipanga vizuri, na katika foleni alikuwa mwepesi wa kuwasalimu wazazi wengine na kuwaambia huyu ni wake. Kathini alipewa fomu, akaijaza akiwa ameegemea ukuta, akampelekea karani, mama wa makamo aliyeitwa Apondi. Mbaluka alisimama nyuma yake, tayari kutoa chochote kitakachoitishwa.

Apondi alikuwa akisoma kwa sauti huku akiingiza kwenye kompyuta. "Kathini Mbaluka. Makazi, Buruburu. Mama, marehemu." Akapangusa miwani. "Baba, marehemu." Akainua macho, akamwambia pole sana, mrembo.

Kisha akamwona mwanamume mwenye faili. "Na huyu mzee ni nani wako?"

Kathini alikuwa amelipanga jambo hili kwa wiki mbili. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, kwa aibu, hata kwa kofi la kwanza maishani mwake. Alingoja. Alitamani babake apige kelele, amwite mwongo mbele ya foleni nzima, aseme yeye ni nani.

"Nimemsindikiza tu," Mbaluka alisema.

Karani akamweleza kwa upole kwamba wasindikizaji husubiri nje ya geti. Mbaluka akaitikia, akaweka faili mezani kwa mikono miwili, akatoka kwenda kusubiri.