Fyuzi ya Akiba

Mimi sina hasira za karibu. Watu wanasema ninazo, lakini watu wanasema mengi. Ninachojua ni kwamba ukileta pikipiki kwangu ukaniambia, "Fundi, niungie taa tu, hayo mafyuzi achana nayo," nitakufukuza, tena kwa sauti, ili na wa ng'ambo ya barabara wajue kwa nini.

Betri ya pikipiki ni ndogo lakini haina utani. Waya ukichubuka ukagusa chuma, umeme wote uliomo unakimbilia hapo kwa mkupuo, waya unawaka kama kijinga cha moto, na tangi la petroli limekaa hapo juu yake linasikiliza. Kwa hiyo nikiunga kitu, iwe taa, honi au chaji ya simu, waya unaotoka kwenye betri unapita kwanza kwenye fyuzi, pua na mdomo na betri yenyewe. Ikitokea shoti, kile kiuzi ndani ya glasi kinakatika, habari imeisha, kimekufa kidude cha bei ya pipi na wewe uko mzima. Halafu naviunga vitu vyote vifuate ufunguo, ukizima pikipiki na vyenyewe vizime, asubuhi usikute betri imekauka. Mwisho kabisa nabandika fyuzi ya akiba chini ya siti kwa tepu nyeusi na kumwonyesha mwenye pikipiki jinsi ya kubadilisha. Ni kuchomoa na kuchomeka. Bibi yangu angeweza, na bibi yangu alikuwa anaogopa hata tochi.

Tunafanya kazi wawili chini ya turubai, mimi na Mama. Mama anashona siti za pikipiki. Akishaivua siti, mimi naingia chini yake na waya zangu, nikimaliza anairudisha na kuikaza. Mvua ikinyesha, maji yanapita katikati ya miguu yake na yeye anaendelea kushona kana kwamba miguu ni ya jirani. Mimi ndiye ninayeumia nikiyatazama.

Ng'ambo ya barabara kuna fundi mwenzangu, mwenzangu kwa ovaroli tu. Anaitwa Moja kwa Moja, kwa sababu kila kitu anakiunga moja kwa moja kwenye betri, bila fyuzi, bila ufunguo, bila aibu. Na jina lenyewe analipenda.

Sasa, mwenyekiti wa kituo cha pikipiki alitangaza kwamba kabla ya masika pikipiki zote za kituo zitafungwa taa za ziada na chaji za simu, na kazi yote atapewa fundi mmoja. Kazi hiyo niliitaka mpaka ikawa inaniondolea usingizi. Ingetutoa chini ya turubai na kutuingiza kwenye kibanda cha bati chenye sakafu na mlango. Nilishakiona kibanda chenyewe. Nilishamchagulia Mama kona ya kuweka cherehani.

Ndipo akaja Mkate.

Mkate ni kijana anayesambaza mikate kwa pikipiki, na boksi kubwa la bati nyuma. Mpole, maneno yake anayatoa kwa kijiko. Nilimfungia taa, chaji na honi, na honi akaichagua yenye sauti kubwa kuliko yeye. Kazi ilitoka safi, nikajisifu mwenyewe maana Mama hasifu mtu. Haikupita wiki, huyo karudi.

"Shikamoo, mama. Fundi, samahani. Fyuzi imekatika."

Nikafungua kila kitu. Nikapima kwa mita, nikapapasa waya kutoka betri hadi honi, nikatazama kama kuna mahali umeegemea bomba la moshi. Hakuna. Nikaweka fyuzi mpya, akaenda. Wiki iliyofuata, "Fundi, samahani." Na iliyofuata. Moja kwa Moja akapata la kusema mpaka siku zikawa fupi kwake.

"Mama Fyuzi," ananipazia sauti, "mgonjwa wako huyo, karudi wodini."

Nilivimba nusura nipasuke. Na Mkate mwenyewe wala. Anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ananitazama ninavyohangaika, anampa Mama mkate wa moto. Mkate ule nilikuwa naula kwa hasira, na ulikuwa mtamu, hasira zikazidi. Tena ngoja niseme lote: siku ambazo hakuja, shingo yangu ilikuwa inaangalia barabara. Nikajiambia naingoja pikipiki.

Siku ya mwenyekiti kuamua, akaja na madereva wake, wakasimama katikati ya barabara, huku mimi, kule Moja kwa Moja. Nilikuwa nimefua ovaroli. Mama alikuwa amefagia hadi mbele ya milango ya watu. Mwenyekiti anafungua mdomo tu, kona ya barabara ikatema pikipiki ya mikate. Nikamwomba Mungu apite zake. Akasimama mbele yangu.

"Fundi, samahani," akasema.

Moja kwa Moja alicheka mpaka akashika ukuta. Mwenyekiti akakuna kidevu.

"Binti," akaniambia kwa upole, na upole ule ndio ulioniua, "moyo wangu ulikuwa kwako. Lakini hii ya kila wiki, madereva wangu watafanya kazi saa ngapi?"

Nikavua siti kwa nguvu hadi Mama akaguna, maana siti ni mwanawe wa pili. Nikachomoa fyuzi. Glasi yake ilikuwa nyeusi tii. Fyuzi ikilemewa na mzigo huyeyuka taratibu, glasi inabaki safi. Nyeusi namna hii ni shoti ya ghafla, na shoti haiji kila wiki kama mgeni wa mwaliko kwenye waya nilioupima hadi umenizoea.

Mama akasema, macho yakiwa kwenye sindano, "Mwanangu, hiyo ya akiba uliibandika lini?"

"Siku ya kwanza, Mama."

"Na tepu si ni ile ile?"

Nikatazama. Ilikuwa ile ile, imekaa na vumbi lake, haijaguswa hata kwa ukucha.

"Mimi hiyo naiona kila nikikaza siti," Mama akasema. "Nikasema ninyamaze, watu wazima hawa. Kijana ana dawa nyumbani, kila siku yuko kwa daktari."

Nikamgeukia Mkate. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Nikainama kwenye honi. Vile vimkia viwili vinavyoshika waya vilikuwa na alama za kuungua, ndogo, zinang'aa. Mtu kagusisha chuma hapa.

"Fungua boksi," nikasema.

Katikati ya mikate kulikuwa na kijiko chake cha siagi. Ncha imeng'atwa, nyeusi.

"Hiki kimeng'atwa na nini?"

"Honi," akasema Mkate.

"Nani alikipeleka kwenye honi?"

"Mimi, fundi."

"Kila wiki?"

"Kila wiki." Akatazama viatu vyake. "Mtu hawezi kuja kwa fundi akiwa hana kibovu. Na wewe kazi yako haiharibiki. Nilingoja iharibike, ikakataa."

Madereva wakaangua kicheko kile cha kushikana mabega. Mimi nilitaka kumpiga kwa kile kijiko. Nilitaka pia kucheka, nilitaka kukaa chini, sikujua nianze na lipi, na kibanda changu cha bati kilikuwa kinayeyuka mbele ya macho yangu. Ndipo nikakitazama kijiko vizuri.

Nikachomeka fyuzi mpya, nikawasha ufunguo, nikamrudishia Mkate kijiko.

"Fanya tena. Mbele ya mwenyekiti."

"Fundi, nimeshaomba radhi."

"Fanya."

Akabonyeza honi, ikalia, akagusisha kijiko. Cheche moja, tak, honi kimya. Hakuna moshi, hakuna harufu.

"Mwenyekiti, shika waya."

Akaushika kwa vidole viwili, kisha kwa kiganja kizima. "Wa baridi," akasema.

"Piga kiki."

Akapiga. Pikipiki ikawaka kwa kiki ya kwanza. Mkate wa watu alikuwa amenijaribia kazi yangu wiki baada ya wiki kwa kijiko cha siagi, na pikipiki haikuwahi kumwacha njiani hata siku moja. Nikavuka barabara na kile kijiko, miguu haigusi chini, nikasimama mbele ya pikipiki ya Moja kwa Moja, ile yenye taa kama harusi.

"Na wewe gusisha."

Akakitazama kijiko. Akatazama tangi. Akaanza kuirudisha pikipiki yake nyuma, taratibu.

"Hicho kijiko ni cha kulia," akasema.

Mwenyekiti alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akaiokota, akaipangusa, akamwambia Mama, "Mama, anzeni na yangu kesho."

Mama akaweka sindano chini, jambo asilolifanya mchana. Nikamkumbatia, nikampakaza grisi yote ya ovaroli niliyoifua, tukacheka kama wendawazimu.

Watu walipotawanyika, Mkate alikuwa bado amesimama pale na siti mkononi.

"Umenidhalilisha," nikamwambia.

"Najua, fundi. Nisamehe."

"Jina langu ulilichezea."

"Najua. Sitakusumbua tena."

Nikainama, nikachomeka fyuzi nyingine mpya, kisha nikabandua ile tepu yenye vumbi, nikachukua fyuzi ya akiba, nikaitia mfukoni mwangu na kufunga kifungo.

"Hii nakaa nayo mimi," nikasema. "Hiyo mpya ikikatika, huna ujanja, utakuja."

Akanitazama. "Na isipokatika?"

"Uje hivyo hivyo. Na kijiko ukiache nyumbani."

Pikipiki zote za kituo zimetoka kwetu na fyuzi ya akiba chini ya siti, nimezibandika kwa mikono yangu, nikiwa nimesimama kwenye sakafu kavu. Ni ya mikate tu ndiyo haina, na mwenyewe hajawahi kuidai.