Koki ya Mkono wa Kushoto

Watoto niliowazaa ni watatu. Wale niliowazaa nikiwa kazini sina hesabu yao, maana kila Jumanne na Alhamisi nalala kitandani nazaa, na siku nyingine nazaa mara nne kabla ya saa sita mchana.

Mimi ni fundi cherehani. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni mkunga na mwalimu katika chuo cha uuguzi. Miaka minne iliyopita alikuja dukani kwangu na sura ya mtu aliyefiwa. Sanamu la plastiki wanalofundishia kuzalisha lilikuwa limepasuka tumbo, na chuo hakikuwa na uwezo wa kununua jingine. Akaniuliza kama naweza kushona tumbo. Nikamwambia nimeshona suruali za watu wasio na makalio, tumbo litanishindaje?

Nililishona kwa kitambaa kizito cha makochi, la kufungwa kiunoni kama mkoba. Ndani kuna nafasi ya mtoto wa mpira na kondo lake, na pembeni kuna mfuko wa lita mbili wa maji yaliyotiwa rangi nyekundu. Kutoka kwenye huo mfuko unashuka mrija wa dripu, na koki yake nimeificha chini ya shuka, mkono wa kushoto wa anayelivaa. Ukifungua, mama anatoka damu. Ukifunga, damu imekata. Kwa kuwa wanafunzi waliona haya kulivaa, wifi akasema nilivae mwenyewe, eti nina kelele za kutosha.

Nikaizoea kazi ile, na nisiseme uongo, nikaipenda. Unajua mengi ukiwa umelala chali. Unajua nani ana mikono ya baridi, nani anaomba ruhusa kabla ya kukugusa, nani anaongea na tumbo akamsahau mwenye tumbo. Yote nikawa nawaambia baada ya zoezi, na wifi akawa anayaandika kwenye daftari. Samaki mkunje angali mbichi.

Chumba kile hakikuwa na kila kitu, kwa hiyo kulikuwa na utaratibu wao. Kisichokuwepo kinasemwa. Mwanafunzi anasema kwa sauti, "Nimevaa glavu safi," wakati mikono yake mitupu. Anasema, "Nimechoma sindano ya kukaza mfuko wa uzazi," na sindano hakuna. Anasema, "Nimemwita daktari," na wifi anatia alama ya vema kwenye karatasi yake. Alama zikitimia, wifi anakohoa mara moja. Kikohozi hicho ni changu. Nikikisikia nafunga koki, nashusha pumzi, na mama amepona.

Bingwa wa utaratibu huo alikuwa kijana mmoja wa mwaka wa mwisho tuliyemwita Redio, kwa kuwa ukishamwasha hazimiki. Redio alikuwa anataja hatua zote kumi na moja kwa mpangilio, sauti tulivu, bila kumeza neno. Wifi alikuwa anamtazama kama mtu anayetazama shamba lake likichanua.

Sasa, wiki tatu kabla ya siku ninayotaka kuisimulia, wifi alikuja dukani niibane mishono ya tumbo. Chuo chake kilikuwa kimeteuliwa kuwania tuzo ya ubunifu katika kufundisha wahudumu wa afya kwa mazoezi, na waamuzi walikuwa wanakuja kulitazama tumbo langu kwa macho yao. Wifi hakukaa. Alisimama, akaenda mlangoni, akarudi, akashika mkasi, akauweka. Katikati ya maneno yake mengi akanisimulia jambo la wodini, kama mtu anavyosimulia kituko cha jirani.

Mwanafunzi wake mmoja, amehitimu juzi juzi, alikuwa peke yake na mama aliyeanza kutoka damu baada ya kujifungua. Akasema kwa sauti, "Nimemwita daktari," akaendelea kusugua tumbo. Akasugua, akangoja. Mfanyakazi wa usafi aliyekuwa anapiga deki ndiye aliyemuuliza amemwita kwa simu ipi, maana yeye hakuona mtu akiita. Kisha akaacha ndoo yake akakimbia kumleta daktari mwenyewe. Yule mama aliokoka, lakini ilikuwa ponea chupuchupu.

"Alichanganyikiwa tu," wifi akasema. "Siku ya kwanza kazini, wifi. Huwa inatokea."

Nilisimamisha cherehani. Hakuchanganyikiwa. Nilikuwa nimelala mbele ya kijana yule mara zisizopungua ishirini, na kila mara aliposema amemwita daktari, nilipona. Alifanya vile vile tulivyomfundisha, mimi na koki yangu na wifi na kikohozi chake.

Nikamwambia hivyo. Akanikata jicho. Akasema hawezi kumtoa daktari wodini kila Jumanne aje kuangalia maji ya rangi, na kwamba hayo tutayazungumza waamuzi wakishaondoka. Akalichukua tumbo lake, akaenda zake, na chai niliyomwagizia akaiacha ikipoa.

Tangu hapo usingizi wangu ukawa wa kuazima. Binti yangu wa kwanza alikuwa na mimba ya miezi minane, na alikuwa anahudhuria kliniki kwenye hospitali hiyo hiyo ambayo wanafunzi wa wifi wanapelekwa. Nikimwona anainuka kwenye kiti kwa kushika meza, nasikia ile sauti tulivu ikisema nimemwita daktari. Nikishona, nasikia. Niliharibu sare za shule mbili wiki ile, nikashona mikono yote miwili upande mmoja. Mume wangu akaniuliza naumwa nini, nikamjibu kwa ukali nisioujua ulikotoka.

Siku ya waamuzi walikuja watu watatu. Mwenyekiti wao alikuwa daktari mstaafu, mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, asiyecheka ovyo. Mkuu wa chuo alikuwa nyuma yao akifuta kiti ambacho tayari kilikuwa kisafi. Wifi alinifunga tumbo mwenyewe, akaninong'oneza nimfichie aibu yake leo. Mgonjwa ni mimi, mkunga ni Redio.

Redio alianza vizuri mno. Alinisalimu, akaniomba ruhusa, mtoto wa mpira akatoka, kondo likafuata. Nikafungua koki. Damu ikashuka kwenye beseni dogo, na mwamuzi mmoja akasogea mbele kuona vizuri.

"Nimemwita daktari," Redio akasema. "Nimechoma sindano. Nasugua mfuko wa uzazi."

Wifi akakohoa.

Mkono wangu ulikuwa kwenye koki. Nawaambia kweli, nilitaka kuifunga. Nilimwona wifi yangu pembeni na gauni nililomshonea mimi, miaka minne ya jasho lake, na dole gumba likaanza kusukuma. Halafu nikamwona akilini binti yangu, kalala kitandani hapo badala yangu. Dole likaganda.

"Daktari yuko wapi?" nikauliza.

"Nimeshamwita, mama. Usiwe na wasiwasi."

"Umemwita saa ngapi? Mbona hujatoka hapa?"

Redio akamtazama wifi. Wifi akakohoa tena, kisha mara ya tatu, mpaka mkuu wa chuo akampa glasi ya maji. Redio akarudia hatua zake kuanzia ya kwanza, sasa kwa haraka. Beseni likajaa, maji mekundu yakamwagika sakafuni yakaelekea kwenye viatu vya waamuzi. Mwenyekiti hakuondoa mguu. Mlango ulikuwa hatua sita kutoka kitandani, wazi, na hakuna aliyeutazama. Maji ya mfuko yakaisha. Nikasikia tone la mwisho.

"Basi," nikasema, "nimekufa." Nikafumba macho.

Mwenyekiti akauliza kama ndivyo walivyopanga zoezi liishe. Nilifumbua jicho moja. Wifi angeweza kusema ndiyo. Angesema ni somo, ni mtego wa mwanafunzi, na tuzo ingekuwa yetu, maana mwamuzi aliyesogea mbele alikuwa tayari anaandika huku akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hapana," wifi akasema. "Huyu alitakiwa kufunga nilipokohoa. Amekataa, na ana haki. Nimewafundisha hawa kusema badala ya kufanya. Wiki tatu zilizopita mama mmoja nusura afe kwa sababu hiyo, na nilinyamaza kwa ajili ya leo."

Kisha akawasimulia yote, hadi ndoo ya yule mfanyakazi wa usafi. Mkuu wa chuo akakaa kwenye kiti alichokuwa anakifuta. Mimi nilibaki maiti, maana sikujua pa kuyaweka macho yangu. Niliona aibu, na chini ya ile aibu nilimpenda wifi yangu kuliko siku yoyote.

Tuzo ilikwenda kwingine, kwenye chuo chenye sanamu linalopumua. Sisi tulipewa cheti cha kutambua mchango wetu, cha karatasi ngumu, na chini yake mwenyekiti aliongeza mstari kwa kalamu yake: koki ibaki mkononi mwa mgonjwa, na kikohozi kikome. Wifi alikitundika karibu na mlango. Hakuniongelesha siku nne. Siku ya tano akaja dukani, akadai chai yake ya siku ile.

Tukabadilisha utaratibu. Glavu zinavaliwa kweli, hata kama ni zile zile zilizofuliwa. Wa kuita daktari anatoka mlangoni, anakwenda hadi chumba cha pili, anarudi na mtu. Hakuna mtu, sifungi. Nilikufa mara saba wiki ya kwanza. Redio alininunia, akapita mbele ya duka langu akitazama upande wa pili.

Binti yangu alishikwa na uchungu Jumamosi alfajiri. Saa tatu asubuhi mimi na wifi tulikuwa kwenye benchi la korido, maana ndugu hawaruhusiwi ndani, hata shangazi mtu akiwa mkunga. Tulisikia mtoto akilia. Wifi akapiga vigelegele vifupi, nikaanza kucheka. Sikumaliza kucheka.

Mlango ulifunguka kwa nguvu ukagonga ukuta. Redio akatoka mbio, kiatu kimoja kikamvuka akakiacha hapo hapo, glavu zake nyekundu mpaka kwenye vifundo vya mikono. Alitupita bila hata kututazama. Nilitaka kusimama, wifi akanikandamiza bega. Alikuwa anahesabu chini kwa chini, na mimi nilijua anahesabu nini. Hakufika arobaini. Daktari alipita akikimbia, Redio nyuma yake na soksi moja, mlango ukafungwa.

Sijui tulikaa muda gani. Wifi hakusema itakuwa sawa, na nilimshukuru kwa hilo.

Redio ndiye aliyetoka. Alisimama mbele yetu, akiwa bado na kiatu kimoja.

"Shikamooni," akasema. "Samahani, nilipita bila salamu. Damu imekata. Wote wazima, mama na mtoto."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia kijana yule, hata matusi mawili matatu ya mapenzi. Nikaweza marahaba tu. Wifi alikuwa ananitazama mkono wa kushoto. Nilikuwa nimeshika ukingo wa benchi, dole gumba likisukuma ule ubao kwa nguvu zangu zote, ukucha umegeuka mweupe. Akanibandua vidole kimoja kimoja.

"Imeshafungwa, wifi," akasema. "Achia."