Mwenye Daraja

Jenerali Abdiel wa Kidato cha Tatu alikuwa amepoteza kila vita alivyopigana tangu muhula uanze, na vyote alivipoteza kwa ushujaa mkubwa. Mtindo wake ulikuwa mmoja: kushambulia. Dadu ikitua tu, askari wake wote walitimka kuelekea darajani, hakuna wa akiba nyuma, hakuna wa kulinda ubavu. Mpinzani wake, Hemant, mtoto wa mwenye duka la redio mjini Arusha, alikuwa na ugonjwa mwingine: kungoja. Aliweza kungoja mpaka adui akaanza kupiga miayo, kisha akamlia askari mmoja mmoja kama karanga.

Uwanja wa vita ulikuwa karatasi ya manila iliyochorwa mto Themi, vilima viwili na daraja moja. Askari walikuwa wa plastiki, waliotoka Dubai ndani ya maboksi ya baba yake Hemant, kama kila kitu kilivyotoka Dubai siku hizo. Kanuni walizitunga wenyewe, wakaziandika pembeni mwa ramani. Ya mwisho ndiyo ilikuwa nzito kuliko zote, maana shule haikuwahi kuwapa nafasi ya kumaliza vita: *Kengele ikilia, mwenye daraja ndiye mshindi.*

Jumamosi ile hawakuwa wanagombea sifa.

Kengele yenyewe ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti wa mgrevilea mbele ya ofisi, nayo iligongwa kwa kipande cha nondo. Siku ya Alhamisi Abdiel na Hemant waliiba ile nondo. Wazo lilikuwa la Abdiel, mipango ya Hemant. Lengo lilikuwa takatifu kabisa: wanafunzi walale mpaka jua litoke. Waliifukia chini ya migomba nyuma ya bweni, wakacheka mpaka mbavu zikawauma.

Alfajiri ya Ijumaa jiko likashika moto. Mlinzi, mzee Kisioki, alikimbilia ringi, akapapasa mahali pa nondo, akakuta hewa. Akagonga kwa fimbo yake, kisha kwa jiwe. Waliokuwa macho walidhani ni mtu anabisha hodi mlango wa mbali. Watu walipokuja kuamka, Mama Tabea, mpishi, alikuwa amerudi ndani kuokoa magunia ya maharage, na paa lilikuwa limemwangukia. Waliteremka naye hospitali kwenye pikapu ya kubebea kahawa. Hakuna aliyejua kama angefumbua macho tena.

Mkuu wa shule alikuwa na jibu lake: Kisioki ameiuza nondo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Polisi wangekuja Jumamosi baada ya chakula cha mchana, isipokuwa ajitokeze mtu mwingine wa kulibeba jambo hilo. Mzee akakalishwa kwenye benchi la barazani, kofia yake mapajani.

"Mmoja anatosha," Hemant alisema, akitandaza ramani juu ya kitanda. Bweni lilikuwa tupu. "Tukienda wawili, tunafukuzwa wawili. Hasara ya bure."

"Unaongea kama baba yako."

"Anayeshindwa anaenda, anasema alikuwa peke yake. Sawa, Jenerali?"

Abdiel alimfikiria mama yake kule Lemara, aliyekuwa akiuza mitumba tangu baba apunguzwe kazini kiwandani, na ambaye alikwisha watangazia majirani kwamba mwanawe atakuwa daktari. Baba yake Hemant angemtafutia mtoto shule nyingine. Yeye, nani angemtafutia?

"Sawa," alisema. "Lakini leo usitegemee nikimbie."

Kweli hakukimbia. Dadu ilimpa sita, akapeleka askari wake darajani, wakakaa. Hemant akaanza kuvusha wa kwake kwenye maji mafupi, juu kidogo ya daraja, wachache wachache. Jeshi lake likawa nusu huku, nusu kule, miguu majini. Mkono wa Abdiel ulimwasha. Angeshuka sasa hivi angewafagia wote.

"Vipi, umeokoka?" Hemant aliuliza. "Mbona hushambulii?"

"Nimejifunza kwako, bwana. Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Kengele ya chakula. Ikilia tu, kwisha habari yako."

Hemant akavusha wengine.

Nje, filimbi ya kiranja ikalia. Wavulana wakaanza kugonga sahani wakielekea bwaloni. Abdiel akaruka juu ya kitanda.

"Daraja langu! Funga sanduku lako, kaka!"

"Hiyo ni filimbi," Hemant alisema taratibu, akaweka kidole kwenye kanuni. "Hapa pameandikwa kengele."

"Sasa kengele italiaje wakati nondo..."

Abdiel akaishia hapo. Muda wote ule alikuwa akingoja sauti aliyoifukia mwenyewe.

"Kwa hiyo tunaendelea," Hemant alisema. Jeshi lake lote lilikuwa limekwisha vuka, limelibana daraja pande zote mbili. "Tupa."

Abdiel akatupa. Moja. Hemant akatupa, akala nusu ya walinzi wa daraja. Ilibaki zamu moja tu daraja limtoke, na wote wawili walijua.

"Usiguse kitu!" Abdiel alisema, akatoka mbio.

Aliifukua nondo kwa kucha. Alikata uwanja, akaipita foleni ya chakula, akaipiga ringi kwa nguvu zake zote. Sauti ikapanda mpaka kwenye mashamba ya kahawa.

"Imelia!" alipiga kelele kuelekea bwenini. "Hemant, imelia! Daraja langu!"

Ulikuwa ushindi wake wa kwanza, na ulidumu kadiri mwangwi ulivyodumu. Foleni nzima ilikuwa imegeuka. Mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi. Wote walitazama kitu kilichokuwa mkononi mwa Abdiel.

Abdiel alitazama dirisha la bweni. Hemant alikuwa pale, nyuma ya vyuma vya dirisha. Kwa kanuni walizoziandika, ilikuwa zamu yake kutoka. Abdiel akangoja. Hemant akainama, akaanza kukusanya askari.

"Ulikuwa na nani?" mkuu wa shule aliuliza.

Abdiel alingoja kidogo tena. Dirisha lilikuwa tupu.

"Peke yangu, mwalimu."

Mzee Kisioki alikuwa amekwisha nyanyuka kwenye benchi, kwa mazoea, kama alivyonyanyuka kila kengele ilipolia. Akaja, akanyoosha mkono.

"Shikamoo, mzee," Abdiel alisema.

Mzee hakuitikia. Aliichukua nondo, akaifuta udongo kwa pindo la koti lake, akairudisha mahali pake.