Sufuria za Mutale na Léonie

"Nimekuletea nyungu zako, baba," Mutale alisema, akatua gunia.

Alexis alilifungua. Hapakuwa na sufuria hata moja ndani, ila bonge la kijivu lililonasa misumari na majivu. Yeye alikuwa fundi wa kuyeyusha alumini na kusubu sufuria kule mtaani Kampemba, akalitambua papo hapo: kazi yake yote, imeyeyuka pamoja na nyumba.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Katanga ijitenge na Kongo. Watu wa Kasai waliokuwa wakiwindwa huko, kama Alexis na mkewe Léonie, walikuwa wamekimbilia kambini, nje kidogo ya Elisabethville, wakilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa wenye kofia za buluu. Mutale, jirani yao, mama wa Kibemba, ndiye wa kwanza mtaani kuwafuata.

Léonie hakumpa kiti. "Mutoto wako Kapya alikuwa na bale benye kuchoma nyumba yetu."

"Alikuwa, mama," Mutale alijibu. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta.

Alexis akawasha makaa. Moto ule mdogo chuma kisingeujali. Alumini haina kiburi. Bonge likalegea, likatandaa kwenye karai liking'aa. Akaopoa misumari, ingali mizima, akaengua takataka. Pembeni alikwisha kushindilia mchanga kuzunguka sufuria kubwa ya kuazima, apate umbo lake.

"Alexis," Léonie aliita. "Usifanye moja. Fanya mbili za kidogo."

"Ya pili ya nani?"

Léonie alikuwa akimtazama Mutale, aliyechuchumaa akipepea makaa bila kuombwa, nywele zimejaa majivu yaliyovuja gunini njia nzima.

Alexis akaubomoa mchanga, akaenda kuazima sufuria ndogo, akaanza upya.

Zilipopoa, Léonie akaigonga moja kwa ukucha, ikalia vizuri. Akasonga bukari humo, ugali wao wa mahindi, wakala watatu. Kisha akaiweka ya pili kichwani pa Mutale.

"Iko nyepesi, haitakuchokesha. Umupikie Kapya. Umuambie nyungu hii inatoka wapi."

Mutale akaondoka. Kwenye kizuizi cha kambi askari alimsimamisha, akachungulia ndani ya sufuria, akampisha. Jua la jioni likaikamata, ikamemeta kati ya mikaratusi, ikapotea, ikamemeta tena mbali zaidi. Léonie alisimama akiitazama, kiganja chake kikiwa juu ya sufuria yake, ambayo bado ilikuwa na joto.